Jinsi ya Kutumia Data za Ndege Kumfundisha Rubani Kurusha kwa Mkono

Kila mara mkufunzi anapogundua kwamba ndege anayofundishia hujiandikia yenyewe karibu kila inachofanya hewani, maswali yanayonijia ni yale yale. Data hizo ziko wapi? Zinafunguliwa kwa programu gani? Kati ya safu zote zile nitazame ipi? Na nikishauona mstari unaopanda na kushuka, nimwambie nini mwanafunzi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Nimemwandikia mkufunzi wa shule ndogo ya urubani mwenye Cessna 172 yenye vioo vya Garmin G1000 (skrini zinazoonyesha vipimo vya ndege), asiye na idara ya uchambuzi wala fedha za kununulia programu maalumu. Aliye na simuleta, au aliye katika shirika la ndege, ataona kwamba hatua ni hizi hizi, ila yeye ana vipimo vingi zaidi na watu wa kumsaidia.

Nieleze sababu kwa ufupi. Mkufunzi mzuri huona mengi, lakini macho yake yako pia nje yakitafuta ndege nyingine, masikio yako redioni, na mkono umekaa tayari kuupokea usukani. Baada ya kutua, anachokikumbuka vizuri ni zile sekunde kumi za mwisho. Kinasa data hukumbuka dakika zote kwa usawa. Kisichojua ni kwa nini jambo lilitokea, na hiyo ni kazi inayobaki kwako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kadi mbili za SD kwa kila ndege, za ukubwa unaokubaliwa na mfumo wa ndege yako. Mifumo ya zamani hukataa kadi kubwa, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha G1000 kilichokuja na ndege.
- Kompyuta yoyote yenye programu ya lahajedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc.
- Kitabu cha uendeshaji cha ndege, ambacho kitakupa kasi zinazokubalika. Usitumie kasi ulizozizoea kichwani.
- Mwinuko wa uwanja juu ya usawa wa bahari. Kwa Wilson, Nairobi, ni futi 5,536.
- Daftari dogo la kuandikia hewani.
- Makubaliano ya maandishi kuhusu nani ataziona data na zitatumika kwa kazi gani.

Hilo la mwisho ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo linaloua mpango wote. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, humlazimu mwenye shirika linaloendesha ndege zenye uzito wa juu wa kupaa unaozidi kilo 27,000 kuwa na mpango wa kuchambua data za safari, na huambatanisha na wajibu huo sharti kwamba mpango usiwe wa kuadhibu na uwe na ulinzi wa kutosha wa data. Cessna 172 haifiki hata kilo 1,200, kwa hiyo wewe unafanya kwa hiari, na hakuna kanuni itakayomhakikishia mwanafunzi wako usalama wa jina lake isipokuwa ahadi utakayoiandika wewe na kuiheshimu. Andika mambo matatu: kwamba data za mafunzo hazitatumika kumfukuza wala kumtoza mtu faini, kwamba mwanafunzi huona data zake mwenyewe na za mwingine haoni, na kwamba tukio linalogusa usalama wa ndege, kwa mfano kutua kwa kishindo, litapelekwa kwa fundi bila kumngoja mtu akubali. Mkuu wa shule naye atie sahihi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuruka

Usianze na data. Anza na swali moja, la sentensi moja, katika ukurasa wa mwanafunzi. «Je, anaweza kuishika kasi ya kutua kuanzia futi 500 hadi 50 bila kukumbushwa?» Hilo ni swali linalojibika. «Je, anarusha vizuri?» halijibiki, na ukiingia nalo kwenye faili lenye maelfu ya mistari utatoka na chati ya kupendeza isiyokupa la kumwambia mtu.

Mwanafunzi alijue swali kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu shabaha yako ni kumfundisha ajipime. Atakayepimwa kwa siri atajiona anaviziwa.

Hatua ya 2: Weka kadi na uhakikishe inanasa

Kadi ya kunasia huingia katika tundu la juu la kioo cha kulia, umeme wa ndege ukiwa umezimwa. Tundu la chini lina kadi ya hifadhidata za ndege. Usiiguse, na usiichanganye na yako. Mfumo ukiwashwa hufungua faili jipya na kuandika mstari mmoja kila sekunde hadi utakapozimwa. Ndege ya kwanza unayoijaribu, washa vioo ukiwa ardhini kwa dakika mbili, zima, toa kadi, kisha tazama kama kuna folda iitwayo data_log yenye faili ndani yake. Ni afadhali kujua ukiwa ardhini kuliko baada ya saa nzima ya mafuta.

Hatua ya 3: Andika nani ameshika usukani, na saa ngapi

Kinasa cha G1000 hakijui mikono ni ya nani. Ukimwonyesha mwanafunzi mara moja jinsi ya kufanya, kisha naye akafanya mara nne, faili litaonyesha mara tano, na ile nzuri kuliko zote huenda ikawa yako. Kila mnapokabidhiana ndege, andika saa ya kwenye kioo na herufi moja: K kwa mkufunzi, M kwa mwanafunzi. Andika pia pale ulipogusa usukani kidogo tu kumsaidia, hata kama ilikuwa kwa vidole viwili. Wakufunzi tuna tabia ya kusaidia bila kujijua, na rekodi iliyosaidiwa kimyakimya humdanganya mwanafunzi kuhusu uwezo wake.

Andika upepo uliotangazwa na mnara, na kama hewa ilikuwa na mishtuko. Bila hayo mawili, rekodi ya saa 4 asubuhi na ile ya saa 9 alasiri hazilinganishiki.

Hatua ya 4: Hamisha faili na ulisafishe

Nakili faili, fungia nakala ya asili mahali pasipohaririwa, kisha fanya kazi kwenye nakala ya pili. Mistari mitatu ya juu ni maelezo: ya kwanza hutaja ndege na mfumo, ya pili vipimo, ya tatu majina ya safu. Futa miwili ya kwanza ili majina yabaki juu.

Kwa kuanzia unahitaji safu chache tu: saa, AltMSL ambayo ni kimo cha GPS, IAS ambayo ni kasi inayosomeka kwenye kioo, GndSpd ambayo ni kasi juu ya ardhi, VSpd ambayo ni kasi ya kupanda au kushuka, Pitch ambayo ni pembe ya pua, Roll ambayo ni mlalo wa mabawa, E1 RPM ambayo ni mizunguko ya injini kwa dakika, na AfcsOn inayoonyesha kama otopailoti, yaani mfumo wa ndege kujirusha yenyewe, imewashwa. Nyingine zifiche. Tahadhari mbili hapa. Kwanza, kimo cha GPS na kile cha shinikizo la hewa ni safu tofauti, na siku ya joto vinaweza kupishana kwa zaidi ya futi 200 ukiwa futi 3,000 juu ya uwanja; chagua kimoja kulingana na zoezi na usivichanganye. Kwa kutua tumia cha GPS. Kwa kukata kona kali tumia kile cha shinikizo, kwa sababu ndicho anachokisoma mwanafunzi. Pili, usikisie alama ya kujumlisha na kutoa katika Roll: tafuta kona unayoikumbuka kuwa ya kushoto, tazama mwelekeo wa ndege unavyobadilika, ndipo uamue ipi ni ishara ya kushoto.

Hatua ya 5: Ondoa sekunde ambazo mkono haukurusha

Unapima urushaji wa mkono, kwa hiyo kila sekunde ambayo otopailoti ilishika ndege haina nafasi katika hesabu. Katika ndege zenye otopailoti ya GFC 700, safu ya AfcsOn hukuonyesha ilipowashwa na kuzimwa. Katika zile za mwanzo zenye KAP 140 usiitegemee safu hiyo. Tegemea daftari lako.

Hatua hii huonekana ya kiuandishi tu, lakini mpaka kati ya mkono na otopailoti ndipo ndege nyingi zimepotelea. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari KQ 507, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa usiku kutoka Douala, na watu wote 114 waliokuwamo wakafariki. Vinasa vilionyesha ndege ikilala polepole upande wa kulia huku otopailoti ikiwa haijashika na hakuna aliyekuwa akiirekebisha kwa mkono. Kwa hiyo unapozikata sekunde hizo, zitazame pia: sekunde tano kabla na tano baada ya kila makabidhiano, je, mabawa yalibaki sawa? Je, kimo kilihama? Mwanafunzi anayezima otopailoti na ndege ikaruka futi 80 juu alikuwa hajatrimu (kuurekebisha usukani ukae mahali pake bila kuvutwa) wala hajaushika sawasawa.

Hatua ya 6: Kata kipande unachokipima

Kwa swali letu la kutua, chukua mistari kuanzia futi 500 hadi 50 juu ya uwanja. Kwa Wilson hiyo ni AltMSL kutoka 6,036 hadi 5,586. Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 utapata mistari sabini na kitu hivi kwa kila jaribio. Chini ya futi 50 acha kwanza: pale ndege inabadilisha kazi, na kipimo cha mara moja kwa sekunde ni cha nadra mno kwa jambo linalotokea ndani ya nusu sekunde. Kwa sababu hiyo hiyo, usitoe hukumu juu ya ulaini wa mguso kwa kutazama safu ya NormAc, ambayo ni mkazo wa wima. Kishindo chenyewe huweza kupita kati ya mistari miwili bila kuonekana.

Sharti lako la kasi litoke kitabuni. Kitabu cha 172S hutoa noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 70 kwa kutua kwa kawaida flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeshushwa zote, nasi tutalenga 65. Kwa mteremko wa nyuzi 3, zidisha kasi juu ya ardhi kwa 5 upate kiasi cha kushuka kwa futi kwa dakika. Kumbuka kwamba noti 65 za kwenye kioo si noti 65 za hewani: Wilson, siku ya nyuzi joto 25, ni takriban 73, na pwani siku ya nyuzi 30 ni takriban 67. Bila upepo, mwanafunzi huyo huyo anayefanya vilevile atashuka kwa futi 365 kwa dakika Nairobi na 335 Mombasa. Ukiwapima wote kwa namba moja ya VSpd utamwonea mmoja wao.

Hatua ya 7: Hesabu vipimo vitatu tu

Kipimo cha kwanza ni sehemu ya muda aliokaa ndani ya mpaka. Hesabu mistari yenye IAS kati ya 60 na 70, ugawe kwa mistari yote. Mistari 51 kati ya 78 ni asilimia 65. Usitumie wastani wa kasi. Mwanafunzi aliyepita noti 55 na 75 kwa zamu ana wastani wa 65, sawasawa na aliyetulia njia nzima, na huyu wa kwanza ndiye anayehitaji msaada wa haraka.

Kipimo cha pili ni kiasi cha kazi ya mkono. Hesabu ni mara ngapi RPM iliruka kwa zaidi ya 100 ndani ya sekunde mbili. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na asilimia 90 kila mmoja, ila mmoja ameigusa nguvu ya injini mara sita na mwingine mara ishirini. Wa pili anapigana na ndege, na siku upepo wa ubavuni utakapokuja hatakuwa na mkono wa ziada. Angalizo: propela ya 172 ina pembe isiyobadilika, kwa hiyo RPM hupanda kidogo yenyewe kasi inapopanda hata kama hujagusa kitu. Ndiyo maana tunahesabu miruko mikubwa ya ghafla, na kupanda kwa polepole tunakuacha.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote, nacho ni muda wa kugundua. Tafuta mstari ambapo kasi ilivuka mpaka, kisha mstari ambapo RPM au Pitch ilianza kubadilika kwa nia ya kurekebisha, na uhesabu sekunde zilizo katikati. Rubani mzuri naye hukosea. Huvushwa mpaka na upepo kila siku. Tofauti yake na mwanafunzi ni kwamba yeye hugundua baada ya sekunde mbili au tatu, na mwanafunzi baada ya kumi na mbili. Na muda huu hupungua kwa mazoezi kabla asilimia haijapanda, kwa hiyo ndio utakaokuonyesha mapema kwamba somo limeanza kuingia.

Kugundua si jambo la wanafunzi peke yao. Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana ilikuwa ikitua San Francisco kwa kutazama nje, mchana, anga ikiwa safi. Kasi iliyolengwa ilikuwa noti 137, ikaporomoka hadi takriban 103 wafanyakazi wakidhani mfumo wa kudhibiti nguvu za injini unaishikilia. Ndege ikapiga ukuta wa bahari kabla ya njia ya kurukia, na watu 3 wakafariki. Namba ya kujifunzia hapo si 103. Ni zile sekunde zilizopita tangu 137 ilipovukwa, bila mkono kwenda kwenye nguvu za injini.

Kwa kona kali ya nyuzi 45 utaratibu ni huo huo, ukitumia mipaka ya mtihani wa mamlaka yako ya anga. Mipaka ya Marekani kwa leseni ya rubani binafsi, kwa mfano, ni futi 100 juu au chini, noti 10, na nyuzi 5 za mlalo.

Hatua ya 8: Chora, kisha soma kutoka mwisho kwenda mwanzo

Chora mistari mitatu kwenye chati moja ya muda: IAS, Pitch na RPM. Anza pale tatizo lilipoonekana, kisha rudi nyuma hadi upate mstari wa kwanza uliohama. Huo ndio unaofundishwa.

Nitoe mfano ulionifunza adabu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeelea juu ya njia ya kurukia kila anapotua, ndege ikikataa kugusa ardhi hadi nusu ya njia ikaisha. Kwa wiki mbili nilimfundisha kuinua pua: mapema kidogo, taratibu kidogo, tazama mbali. Hakubadilika, na nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba hana hisia ya ardhi. Tulipofungua faili, tulikuta anavuka kingo ya njia kwa noti 74. Tukarudi nyuma. Kwenye futi 250 RPM iliruka kutoka 1,400 hadi 1,900. Tukarudi tena: kabla ya hapo kasi ilikuwa imeanguka hadi 61, naye akashtuka akajaza nguvu. Kwa nini ilianguka? Sekunde chache nyuma zaidi, katika kona ya kutoka beisi (upande wa mzunguko unaokata kuelekea njia ya kurukia) kuingia fainali (mstari wa mwisho wa kutua), Pitch ilikuwa imepanda nyuzi 4 wakati mabawa yamelala, RPM ikiwa haijaguswa. Alikuwa akigeuza shingo kuitafuta njia ya kurukia, na mkono ukifuata shingo. Kuelea kwake kulianzia kwenye kona, karibu dakika moja kabla ya pale nilipokuwa nikimfundisha. Tulifanya kona za beisi peke yake kwa saa moja, juu kwenye eneo la mazoezi, na somo la kuinua pua halikuhitajika tena.

Hatua ya 9: Kaa na mwanafunzi siku hiyo hiyo

Mwili husahau haraka. Data za juzi ni historia. Za leo bado zina jasho. Kabla ya kufungua kompyuta, mwulize yeye: jaribio lipi lilikuwa bora, na kasi ilitoka wapi? Aandike jibu. Ndipo umwonyeshe chati, jaribio moja bora na moja baya, si yote. Akisema, «Mwalimu, mbona mimi nilidhani niko kwenye 65 muda wote?», usimjibu upesi. Pengo kati ya alichodhani na kilichoandikwa ni kipimo cha uangalizi wake, na akiliona mwenyewe halihitaji hotuba.

Makosa ya kuepuka hapa ni haya. Usimwonyeshe chati ya mwenzake. Usibandike orodha ya nafasi ya kwanza hadi ya mwisho ukutani, hata kama wenyewe wanaiomba. Siku ya pili watakuwa wanarusha kwa ajili ya orodha. Usimalize kikao na mambo matano ya kurekebisha. Jambo moja linatosha, nalo liwe la vitendo: «Ukianza kona ya beisi, sema kasi kwa sauti.»

Hatua ya 10: Badilisha zoezi, usibadilishe kipimo

Safari ijayo lenga chanzo ulichokipata, kisha upime kwa vipimo vile vile, mipaka ile ile, na kama inawezekana wakati ule ule wa siku. Mlinganishe mwanafunzi na nafsi yake ya wiki iliyopita. Usitangaze maendeleo kwa jaribio moja. Ngoja angalau matano. Mwanafunzi akifikia lengo katika hewa tulivu, ndipo umpeleke alasiri yenye mishtuko, ukimweleza mapema kwamba asilimia itashuka na kwamba mtakachokitazama ni muda wa kugundua.

Mambo yanapokwama

*Hakuna faili kwenye kadi.* Mara nyingi kadi iliwekwa baada ya umeme kuwashwa, au iko kwenye tundu lisilo lake, au ni kubwa kuliko mfumo unavyoweza kusoma. Jaribu ya pili kabla ya kumwita fundi.

*Saa za daftari na za faili hazikutani.* Hili ni letu sisi. Mwanafunzi huandika «saa 3:10 asubuhi», mnara, kwa saa za kimataifa za UTC, husema 06:10, na faili, ikiwa saa za mahali zimewekwa kwenye G1000, huonyesha 09:10. Zote tatu ni sahihi. Amua kwamba daftari la hewani litatumia saa ya kwenye kioo peke yake, hata kama ulimi unakataa.

*Faili likifunguliwa, kila kitu kinajirundika kwenye safu moja.* Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bujumbura, Goma au Lubumbashi, hutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, na faili hili hutenganisha safu kwa mkato. Usilifungue kwa kubofya. Liingize kwa amri ya kuleta data, na uchague mkato kuwa kitenganishi na nukta kuwa alama ya desimali.

*Ndege haina G1000.* Simu au kishikwambi chenye GPS kitakupa mahali, kimo na kasi juu ya ardhi. Pima kwa hicho njia ya mzunguko, upana wa daunwindi (upande ulio sambamba na njia ya kurukia) na mteremko wa fainali. Usipime kasi ya hewani: pwani, upepo wa mbele wa noti 10 utamfanya aliyeshika 65 aonekane mwenye 57, nawe utamfundisha kuongeza kasi isiyohitajika.

*Ndege mbili za shule zinatoa matokeo tofauti kwa mtu yule yule.* Linganisha mistari ya zote mbili zikiwa zimesimama ardhini. Ikiwa moja inaonyesha Pitch au NormAc isiyolingana na mwenzake, andika tofauti hiyo na uitoe kwenye hesabu, au mwache mwanafunzi abaki na ndege moja hadi kipimo kiishe.

*Data zinasema vizuri, jicho lako linakataa.* Liamini jicho kiasi cha kuchunguza. Kinasa hiki hakiandiki nguvu anayotumia mwanafunzi kwenye usukani, kwa hiyo asiyetrimu anaweza kuishika kasi vizuri kabisa huku mkono ukitetemeka kwa kuvuta. Mwambie aachie usukani kwa sekunde mbili akiwa kwenye kimo salama. Pua ikianguka au ikiruka, umepata jibu ambalo halimo kwenye faili.

*Mwanafunzi alikuwa akiendelea vizuri, na tangu aanze kuona chati ameharibika.* Anazifukuza namba. Macho yamehamia ndani kwenye kioo. Ficha data kwa safari tatu, endelea kunasa bila kufungua, na ufunike kioo cha kasi kwa karatasi kwa mizunguko michache huku wewe ukiitazama kasi kwenye kipimo cha akiba na ukiwa tayari kuisema. Aisikie kasi kwa sauti ya upepo, kwa uzito wa usukani na kwa mahali pua ilipo juu ya upeo wa macho. Kisha fungueni faili pamoja mwishoni mwa wiki.

*Mwanafunzi anakataa kurekodiwa.* Mrudishie karatasi ya makubaliano aisome mbele yako, na umwonyeshe kwanza chati zako mwenyewe za wiki hiyo, pamoja na ile mbaya. Akikataa bado, mfundishe bila kadi.